Filamu Aliyonitafsiria Baba

Wiki iliyopita kijana Mkongo aliyekuja kupaka rangi vyumba ambavyo binti yangu hupangisha wanafunzi, hapa mtaani Glenwood, alishuka ngazi akikohoa, akaniuliza kwa adabu, "Papa, iko maziwa? Hii rangi inanikamata kifua." Nilimpa pakiti nzima kutoka kwenye friji, na bilauri. Akanywa nusu, akaikunja pakiti vizuri na kusema iliyobaki atawapelekea watoto wake jioni. Nikamwambia hapana, anywe yote mbele yangu, ya watoto nitampa nyingine. Alinitazama kama mtu amtazamavyo mzee ambaye akili imeanza kumpungua, lakini akanywa, akashukuru, akapanda tena. Nikabaki jikoni na ile harufu ya rangi ya mafuta.

Najua maziwa hayaondoi sumu ya rangi. Nimeshaelezwa na daktari, tena kwa upole, maana niliuliza nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Lakini harufu ile ikishaingia puani, yale niliyoelezwa na daktari hayanisaidii kitu. Narudi kuwa na umri wa kukalia tofali mlangoni nikimsubiri baba.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha rangi huko Jacobs. Kazi yake ilikuwa kumimina unga ndani ya mapipa ya mafuta na kukoroga, unga mweupe siku nyingine, mwekundu siku nyingine, na tuliijua rangi ya siku hiyo kwa kumtazama kope. Saa ya chakula cha mchana kiwanda kilimpa kila mkorogaji chupa ya maziwa, eti ili vumbi lisikae tumboni. Wenzake waliinywa palepale. Baba aliiviringisha chupa yake katika gazeti, akatembea nayo hadi nyumbani, na mbele yetu akaimimina katika vikombe viwili vya bati, kimoja changu na kimoja cha dada yangu Rukia, akiinama kuhakikisha hakuna aliyepunjwa. Maziwa hayo tuliyaita maziwa ya kazi. Mama alikuwa akiwasimulia majirani jambo hilo kwa fahari, na majirani wakamsifu. Hakuna aliyeona kosa lolote hapo, na mimi niliyekuwa nikilamba ukingo wa kikombe nilikuwa wa mwisho kuliona.

Wakati ule tulikaa upande wa Clairwood, katika nyumba ya mbao na mabati, kabla malori hayajaumeza mtaa wote. Babu zetu waliletwa kutoka Msumbiji. Bibi aliongea nasi Kimakua, nyumbani na madrasa tulitumia Kiswahili, na barabarani tukachanganya Kizulu na Kiingereza. Serikali ya siku zile, ya ubaguzi wa rangi, haikumwacha mtu bila kumtafutia kapu lake, na sisi, baada ya kutupima na kutupima tena, ikatutia kapu moja na Wahindi. Ndiyo maana tuliruhusiwa kuingia sinema zao. Baba alisema katika mambo yote ambayo serikali ilimfanyia, hilo ndilo pekee analoweza kulitolea shukrani.

Tulikwenda Jumapili mchana. Filamu zilikuwa za Kihindi au za Kitamil, na jumba lilijaa watu ambao nusu yao hawakuielewa lugha ya siku hiyo, kwa hiyo kila safu ilikuwa na mkalimani wake. Ukiingia umechelewa, gizani, ulisikia ukumbi mzima ukivuma kama mzinga wa nyuki. Safu iliyokuwa na mkalimani hodari ilicheka kabla ya wengine, na safu za jirani zikageuka kwa wivu. Mkalimani wetu alikuwa baba. Kitamil chake kilikuwa cha kiwandani, cha kuombea ngazi na kumtukania msimamizi, lakini hakikumzuia. Pale alipokosa maneno alitunga, na mara nyingi utunzi wake ulikuwa mzuri kuliko filamu.

Jumapili ninayotaka kuisema, mwenye jumba alisimama mbele ya pazia akatangaza kwamba filamu iliyotarajiwa haikufika, imefika nyingine, ya Kimalayalam, na anayetaka kuondoka aondoke sasa. Hakuna aliyeondoka. Kimalayalam ni lugha ya pwani ya kusini kabisa ya India, na katika ukumbi ule nadhani wanaoijua walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Watamil walidaka neno hapa na neno pale kama mtu anayekimbiza kuku uani. Baba hakudaka hata moja. Shangazi Zaina, dada yake baba, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kumpunguza baba, aliinama mbele yangu akamuuliza, "Na hicho Kimalayalam umejifunzia wapi? Ndani ya pipa?"

"Zaina," baba akasema, "mtu akinywa dawa akaota manyoya, hahitaji mkalimani. Kaa utazame."

Na kweli ndiyo filamu yenyewe ilivyokuwa. Sisi tulizoea miungu, wapenzi na wakwe wabaya. Hatukuwahi kuona chumba kama kile, chenye mirija ya kioo iliyojikunja na chupa zilizotoa moshi zenyewe. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na palikuwa na daktari mpole mwenye miwani ambaye alitaka, kwa kadiri tulivyofahamu, kumtenganisha mtu mwema na mtu mwovu wanaoishi katika mwili mmoja. Alichanganya dawa akainywa. Kisha wakatuonyesha mkono wake tu, umewekwa juu ya meza. Ukaanza kukunjamana. Ukawa mweusi, vidole vikajipinda, vinyweleo vikajaa, na ukumbi wote ukanyamaza, hata wakalimani. Rukia alijifunika uso kwa ushungi wa mama. Mimi sikufumba macho. Uso ulipokuja kuonyeshwa, daktari hakuwapo tena. Palikuwa na mtu mwingine aliyepinda mgongo, aliyetoka nje akampiga mwombaji kwa fimbo na kucheka.

Baadaye akanywa tena, na mkono ukanyooka, miwani ikarudi puani.

Baba alinieleza sikioni. Dawa nyeusi humtoa yule mbaya, nyeupe humrudisha yule mzuri. Nilimuuliza yule mzuri huwa yuko wapi wakati mbaya anatembea mjini. Hilo nadhani hakulitegemea. "Hajafa," akasema. "Yumo ndani, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Anasikia kila kitu, ila hawezi kufungua mlango."

Mwisho wa filamu yule mbaya alijifungia ndani ya kile chumba cha mirija. Watu wakagonga, wakavunja mlango. Alikuwa ameanguka sakafuni, na tulipokuwa tukitazama, uso wake ulilainika taratibu ukawa uso wa daktari, umetulia. Mwanamke mmoja katika filamu akapiga magoti akalia. Nilimuuliza baba kama amekufa.

Alichelewa kujibu. Mimi nilikuwa na jina la baba yake, na kwa hiyo, kama ilivyo desturi yetu, aliniita baba. "Hapana, baba," akasema. "Amerudi. Amechoka tu, amelala." Nilimwona shangazi Zaina akifungua mdomo, na mama akimgusa goti, na mdomo ukifungwa.

Katika mambo yaliyofuata, sikumbuki vizuri lilianza lipi likafuata lipi. Nakumbuka baba akilalamika tumbo, akisema chakula kina ladha ya msumari. Nakumbuka mstari wa buluu kwenye ufizi wake alipocheka, kama mtu aliyenyonya kalamu ya wino. Halafu akawa anaanza mzaha na kuusahau katikati, akatutazama sisi ili tummalizie. Asubuhi moja Rukia alikwangua bakuli la uji kwa kijiko, na baba, ambaye hakuwahi kutupandishia hata sauti, alilinyakua bakuli akalipiga ukutani. Kisha akautazama ule uji unavyoteremka, kwa mshangao, kama na yeye anauliza ni nani aliyefanya vile. Mama aliufuta. Baba akatoka kwenda kazini bila kofia.

Halafu ukaja mkono. Ulikuwa wa kulia, ule wa kukorogea. Akiinua mkono, kiganja kilibaki kinaning'inia kutoka kwenye kifundo kama nguo kwenye kamba, na vidole vikajipinda kuelekea ndani.

Watu wazima kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mama alisema ni kijicho, kwa sababu ya zile sifa za maziwa. Shangazi Zaina alisema ni jini, akamleta maalimu akasoma Yasini na kumpulizia maji. Msimamizi wa kiwanda alisema ni pombe, na baba hakuwahi kuionja. Hakuna aliyeutaja ule unga wa mapipa. Niliwahurumia, maana kati yao wote ni mimi peke yangu niliyefumbua macho muda wote, nikaona kwa uwazi kabisa mambo haya huanzaje. Huanza na mkono.

Na nilijua dawa yake. Nyeupe humrudisha yule mzuri. Kiwanda chenyewe kilijua, ndiyo maana kilimpa baba chupa kila siku, na kila siku tuliinywa sisi. Nilipomweleza Rukia nyuma ya choo, alilia hadi akatapika. Kuanzia siku hiyo tukakataa maziwa. Rukia alisema tumbo linamuuma, mimi nikasema nimeshiba. Baba, aliyekuwa akimimina kwa mkono wa kushoto sasa na kumwaga kiasi juu ya meza, alidhani tunamkinai. Niliona usoni mwake kwamba anadhani hivyo, na sikuweza kumweleza, kwa sababu sikuwa na hakika ni nani kati ya wale wawili atakayesikia. Mama alitukaripia. "Baba yenu anabeba kutoka Jacobs mpaka hapa, nyinyi mnakunja pua?"

Nikasema anywe baba mwenyewe.

"Mimi nimeshakua, baba," akasema, akicheka kidogo. "Yataniongezea nini?"

Basi nikawa najifanya nimekunywa, kisha nayamimina kwenye chai yake. Chai ikawa nyeupe kama maji ya mchele, na yeye akainywa akimwambia mama kwamba leo amekuwa mkarimu. Kila asubuhi nilikwenda kuutazama mkono akiwa bado amelala. Ulikuwa vilevile. Nikafikiri kipimo ni kidogo, nikaongeza na ya Rukia. Siku chache baadaye kiwanda kikamwachisha kazi, kwa sababu mkono ule haukuweza tena kushika mti wa kukorogea, na maziwa nayo yakaisha siku hiyohiyo. Nilimlilia mama anunue. Aliniuliza kama nimepata kuona nyumba isiyo na mshahara ikinunua maziwa.

Mchana mmoja, uani, degedege likamwangusha. Shangazi Zaina alimlalia miguu, mama akamshika kichwa, na mimi nikasimama karibu na ndoo. Lilipopita, hakuwa na ulimi wake wa zamani. Maneno yalitoka mazito, yamekatika, na mate yakimfuata. Mdomo ulikwenda upande. Alianza kutembea ameinama, akishika ukuta. Nilimtazama nikaelewa kwamba kazi imekwisha: yule mwingine ametoka mzima mzima, na baba amefungiwa ndani.

Nataka niliseme hili kama lilivyokuwa. Sikumchukia mtu yule. Nilimwogopa, lakini sikumchukia. Nilifanya tu nilichodhani ndio uaminifu: nilijitenga na yule aliyekuwa nje ili yule wa ndani asije akadhani nimembadilisha kwa mwingine. Nilimkataa baba kwa ajili ya baba.

Kwetu mtoto akitoka madrasa huwazungukia wakubwa mmoja mmoja, huwashika mkono na kuubusu. Niliubusu wa bibi, wa mama, wa shangazi. Mbele ya benchi ambalo mtu yule alikaa, karibu na mlango, nilipita. Mara ya kwanza walidhani nimesahau. Mama alipoona si kusahau, alinipiga kofi. Aliniamuru nimpe baba yangu mkono. Nikamjibu kwamba nitampa akirudi. Alifunika mdomo kwa kanga, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakunilazimisha tena. Sijui alielewa nini. Natamani angenipiga zaidi.

Lakini baba wa ndani sikumwacha. Nilikumbuka kwamba anasikia kila kitu. Kwa hiyo kila siku, nikirudi, nilizunguka nyuma ya benchi, nikasimama pale ambapo sikuuona ule uso, nikamnong'onezea mgongo. Nilimwambia habari za shule. Nilimwambia Rukia ameng'oka jino. Nilimwambia asikate tamaa, natafuta dawa. Mgongo ulitulia kabisa nilipokuwa nikisema. Kwangu hilo lilikuwa dalili kwamba ananisikia, na bila shaka alikuwa ananisikia, sentimita chache kutoka mdomo wangu, mtu mzima mwenye akili zake zote, akiletewa habari za nyumbani kwake kama mfungwa.

Alikufa kabla sijaanza sekondari. Katika maktaba ya sekondari ndiko nilikokutana na kitabu cha Kiingereza, cha zamani sana, ambacho filamu ile ilichotwa ndani yake. Nilikitambua tangu kurasa za mwanzo. Niliruka hadi mwisho nikausoma nimesimama. Daktari harudi. Aliyekutwa sakafuni amekufa, na amekufa akiwa yule mwingine. Kumbe waliotengeneza filamu nao walimwonea huruma wakamrudishia uso, na baba akamwongezea na pumzi. Nimejiuliza maisha yangu yote: je, aliona kwamba yule mtu amekufa, akahukumu kwamba mimi bado mdogo? Au hakuelewa lugha, akaona tu uso umekuwa mwema, akaamini alichoniambia? Nilimuuliza shangazi Zaina alipokuwa mkongwe, amebaki peke yake wa kizazi kile. "Baba yako alikuwa mwongo mzuri mno," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini siku ile, sijui."

Watu ninaowasimulia huniambia ulikuwa mtoto. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinikatiza kabla sijamaliza: ulikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini mtoto yule ni mimi, sina mtu mwingine wa kumsukumia lawama. Nililelewa na mtu ambaye hakunificha hata tone la maziwa, na katika miaka aliyonihitaji nilimhesabu kuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Nimezeeka kuliko alivyozeeka yeye. Sasa mikono yangu nayo inatetemeka nikishika kikombe, na wajukuu wangu huja kuibusu bila kusita. Siku nyingine natamani kuirudisha nyuma.

Kuna mchana mmoja ambao sijamsimulia hata mke wangu. Mvua ilikuwa imekatika, mabati yakidondosha matone. Mama alikuwa amekwenda kufua kwa watu, bibi amelala. Nilikuwa nimehitimu juzuu ya kwanza, na nilizunguka nyuma ya benchi nikiwa na haraka ya kumpa baba habari. Nikauambia mgongo kwamba nimehitimu, na kwamba siku akirudi nitamsomea yote bila kutazama msahafu.

Mgongo ulitikisika. Aligeuka. Ilimchukua muda mrefu, kwanza mabega, kisha miguu, akilishika benchi. Aliponielekea, aliukamata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kwenye kifundo, akauinua hadi usawa wa uso wangu, kama mtu anayempa mwenzake kitu kizito.

"Ni mimi, baba," akasema. Alivuta pumzi, akalitafuta neno linalofuata. "Hakuna mwingine humu."

Niliutazama ule mkono, vidole vilivyojipinda. Kisha nikautazama uso, kwa makini sana, kama nilivyoutazama ule wa kwenye pazia, nikingoja ulainike. Machozi yalikuwa yanateremka upande mmoja tu, ule ambao bado ulikuwa na nguvu. Haukubadilika. Aliendelea kuuinua mkono, mpaka ule wa kushoto nao ukaanza kutetemeka kwa uzito.

"Sawa," nikamwambia, kwa adabu, kama nilivyofundishwa kusema na wageni. "Nitamngoja."

Nikavua viatu, nikampita, nikaingia ndani.